Hekta 1,500 za Primorye: gavana aliyeipinga Moscow kwa jina la Urusi

Mwezi Aprili 1996, muda mfupi kabla Rais Boris Yeltsin hajaenda Beijing, Meja Jenerali Valery Rozov alijiuzulu. Alikuwa upande wa Urusi katika tume ya pamoja iliyokuwa ikiweka alama za mpaka na China, na alitangaza hadharani kwamba hayuko tayari kushiriki kazi ya kukabidhi ardhi ya nchi yake. Ardhi iliyomtoa jenerali kazini ilikuwa hekta zipatazo 1,500, sawa na kilomita za mraba 15. Tena haikuwa mahali pamoja. Ilikuwa vipande vitatu vya Primorye, jimbo la Urusi lililo kwenye pwani ya Pasifiki: karibu na Ziwa Khanka, katika wilaya ya Ussuriysk, na kusini kabisa katika wilaya ya Khasan. Urusi nzima ina kilomita za mraba zipatazo milioni 17.

Kwa vipimo vya ramani, ugomvi huo haukustahili hata kutajwa. Lakini ulidumu miaka minne hivi, ukafika hadi Baraza la Shirikisho, yaani baraza la juu la bunge, ukamfanya gavana wa jimbo la pembezoni, Yevgeny Nazdratenko, ajulikane nchi nzima, na ukailazimisha Wizara ya Mambo ya Nje kujitetea mbele ya wananchi wake. Miaka michache baadaye Urusi ikaipa China eneo kubwa zaidi ya mara kumi ya hilo, na zogo la namna ile halikutokea tena. Tofauti hiyo ndiyo iliyonivuta kwenye kisa hiki. Wengi wanaoeleza siasa za nje za Urusi huanzia Kremlin na kuishia Kremlin. Hapa tuanzie mwisho wa reli, Vladivostok, mji mkuu wa Primorye, kilomita 9,288 kutoka Moscow.

Mpaka ulivyopatikana

Hadi katikati ya karne ya 19, nchi iitwayo leo Primorye ilihesabiwa kuwa ya himaya ya Qing, nasaba iliyotawala China. Mkataba wa Aigun wa 1858 uliipa Urusi ukingo wa kushoto wa mto Amur, na Mkataba wa Beijing wa 1860 ukaongeza eneo lote lililo kati ya mto Ussuri na bahari. China ilikuwa imekabwa koo wakati huo, kwani majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa yamekwisha kuingia Beijing. Vladivostok ilianzishwa mwaka huohuo wa 1860. Wachina huiita mikataba hiyo kuwa si ya haki, na kwa hesabu yao walipoteza kwa Urusi kilomita za mraba zipatazo milioni 1.5.

Mwaka 1964 Mao Zedong aliwaambia wageni wake kutoka Japani kwamba China ilikuwa bado haijawasilisha madai yake juu ya ardhi hiyo. Mwaka 1969 askari wa pande mbili waliuana juu ya kisiwa kidogo cha mto Ussuri, ambacho Warusi hukiita Damansky na Wachina Zhenbao. Baada ya mapigano hayo Moscow ilifanya jambo ambalo, kwangu mimi, linaonyesha hofu yake waziwazi kuliko vifaru ilivyovipanga mpakani: mwishoni mwa 1972 ilifuta majina yenye asili ya Kichina katika Primorye. Suchan ukawa Partizansk, Iman ukawa Dalnerechensk, Tetyukhe ukawa Dalnegorsk. Mtoto aliyesoma jiografia katika shule za jimbo hilo baada ya hapo hakukutana na jambo lolote kwenye ramani la kumwambia kwamba nchi hiyo iliwahi kuwa na wenyewe wengine.

Mazungumzo ya kweli yalifunguliwa na Mikhail Gorbachev. Katika hotuba yake ya Vladivostok ya Julai 1986 alikubali kwamba mpaka wa mtoni ufuate mkondo mkuu, wakati kabla ya hapo Wasovieti walishikilia kwamba unapita ukingoni kwa China, yaani mto wote na visiwa vyake ni vyao. Tarehe 16 Mei 1991, kiongozi wa China Jiang Zemin akiwa ziarani Moscow, mawaziri wa mambo ya nje walitia saini mkataba wa sehemu ya mashariki ya mpaka. Miezi saba baadaye Muungano wa Kisovieti haukuwapo. Bunge la Urusi liliuridhia mkataba huo Februari 1992, wakati wananchi wakihangaika na bei za vyakula zilizokuwa zimefunguliwa mwezi uliotangulia, na hapakuwa na ubishi wa kukumbukwa.

Mkataba uliacha kiporo sehemu ngumu kuliko zote, hasa visiwa vya Tarabarov na Bolshoy Ussuriysky vilivyo mlangoni mwa jiji la Khabarovsk. Sehemu nyingine zote zilipaswa kupimwa na kuwekewa alama kabla ya mwisho wa 1997. Wapimaji walipoingia porini na ramani za 1860 na itifaki ya Hunchun ya 1886, makubaliano ya mpaka yaliyopewa jina la mji wa China ulio karibu na hapo, ndipo vile vipande vitatu vikajitokeza. Mstari ambao walinzi wa mpaka wa Kisovieti walikuwa wameulinda kwa miongo kadhaa haukulingana na mstari wa mikataba, na tofauti ilikuwa kwa faida ya Urusi.

Hoja ya wanadiplomasia wa Moscow, akiwamo Genrikh Kireyev aliyeongoza ujumbe wa Urusi katika tume ya mipaka, haikuwa ya kipumbavu hata kidogo. Urusi ilikuwa ikitoa kilomita za mraba 15, na kwa kufanya hivyo inapata saini ya China kwenye mpaka wenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000. Saini hiyo ndiyo hati ya Vladivostok yenyewe. Anayesema ramani za mwaka 1860 ni batili pale Khasan anamfungulia Mchina mlango wa kusema ni batili kila mahali.

Gavana na jimbo lake

Yevgeny Nazdratenko alizaliwa mwaka 1949 Severo-Kurilsk, mji wa visiwa vya Kuril vilivyokuwa mikononi mwa Wasovieti kwa miaka minne tu tangu kutekwa kutoka Japani. Alipanda ngazi katika kampuni ya madini huko Primorye, akawa mbunge wa Urusi mwaka 1990, na Mei 1993 Yeltsin akamteua kuwa mkuu wa jimbo. Alikuwa mtu wa viwanda, mwenye maneno makali, aliyezungukwa na wakurugenzi wa makampuni makubwa ya jimbo ambao ndio waliomsukuma hadi kwenye kiti.

Jimbo alilolipokea lilikuwa limeachwa njia panda. Vladivostok ilikuwa imefungwa kwa wageni tangu 1958 kwa sababu ya jeshi la majini la Pasifiki, na ilifunguliwa rasmi Januari 1992. Viwanda vya kijeshi vilikosa oda, nauli ya ndege kwenda Moscow ikawa haishikiki, ruzuku zilizowafanya watu wakubali kuishi kule zikakauka. Watu wakaanza kurudi magharibi. Mashariki ya Mbali ya Urusi ilikuwa na watu wapatao milioni nane mwaka 1991; sensa ya 2002 iliwakuta chini ya milioni saba. Ng'ambo ya mpaka, majimbo matatu ya kaskazini-mashariki ya China yalikuwa na watu zaidi ya milioni mia moja.

Wachina hao walianza kuonekana. Katika 1992 na 1993 masharti ya kuingia yalilegezwa, na wachuuzi wakavuka na mabegi ya nguo, viatu na vyakula. Ukweli ni kwamba waliilisha na kuivisha Primorye wakati bidhaa za magharibi ya Urusi hazifiki. Lakini walivyozidi kuonekana sokoni ndivyo hesabu zao zilivyotiwa chumvi magazetini. Januari 1994 viza zikarudishwa, na mwaka huohuo polisi wa jimbo wakaendesha msako waliouita Operesheni Inostranets, maana yake mgeni. Biashara kati ya Urusi na China, iliyofikia dola bilioni 7.7 mwaka 1993, ikashuka hadi bilioni 5.1 mwaka uliofuata. Si kwa sababu ya Primorye peke yake, lakini majimbo ya mpakani yaliumia kuliko mengine kwa uamuzi ambao yenyewe yaliupigania.

Ndani ya hali hiyo Nazdratenko alizikuta hekta 1,500, na akazishika kwa mikono miwili. Alisema hatatoa hata kipande. Bunge la jimbo likapeleka malalamiko Moscow. Wakosaki wa Ussuri, ambao babu zao waliletwa na tsar, mfalme wa Urusi, kuulinda mpaka huo, wakajitangaza tayari kukaa katika ardhi hiyo ili isitolewe. Magazeti ya kizalendo ya Moscow, ambayo kwa kawaida hayaandiki habari ya Primorye hadi kuwe na tufani, yakamfanya gavana shujaa.

Hoja zake zilikuwa mbili, na zilitofautiana kwa uzito.

Ya kwanza ilihusu bahari. Mto Tumen, ambao Warusi huuita Tumannaya, unaitenganisha China na Korea Kaskazini, lakini kilomita 15 hivi za mwisho kabla ya bahari zimo kati ya Urusi na Korea Kaskazini. China inaiona bahari kwa macho na haiwezi kuigusa. Tangu 1991 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilikuwa likiunga mkono mpango mkubwa wa kulifanya bonde la Tumen kuwa eneo la bandari na viwanda, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola bilioni 30 katika miaka 20. Nazdratenko alidai kwamba kipande cha Khasan, hekta zipatazo 300, kingeipa China nafasi ya kujenga bandari mtoni, na mizigo ya Manchuria, yaani kaskazini-mashariki ya China, isingepita tena Vladivostok, Nakhodka wala Zarubino. Kama hoja ya mtu anayelinda mapato ya bandari zake, inaeleweka. Kama hoja ya kijiografia ilikuwa na tundu, na tutalifikia.

Ya pili ilihusu makaburi. Mwaka 1938, Julai na Agosti, Jeshi Jekundu lilipigana na Wajapani kwenye vilima vilivyo kando ya Ziwa Khasan, na kizazi chote cha Wasovieti kililelewa na hadithi ya vita hivyo. Gavana alisema katika ardhi inayotolewa wamelala askari hao. Hapo alikuwa amegusa pasipojibika kwa ramani. Mwanadiplomasia anaweza kueleza mkondo mkuu wa mto mchana kutwa. Mbele ya mama wa askari maelezo hayo hayana pa kushika.

Nani Mrusi zaidi

Vitabu vingi kuhusu miaka ile huwagawa wanafikra wa Moscow katika kambi mbili. Kambi moja ilikuwa ya Andrei Kozyrev, waziri wa mambo ya nje hadi Januari 1996, iliyoiona Urusi kuwa nchi ya Ulaya iliyopotea njia kwa miaka 70 na inayorudi nyumbani. Nyingine ilikuwa ya Waeurasia, warithi wa wasomi wahamiaji wa miaka ya 1920 kama Nikolai Trubetskoy na Pyotr Savitsky, walioamini kwamba Urusi ni ulimwengu wa peke yake, nusu Ulaya nusu Asia, na kwamba damu ya nyika imo ndani yake. Mgawanyo huo una msaada wake. Ukiufikisha Primorye, hata hivyo, unavurugika.

Wanaoupenda Uasia wa Urusi walikuwa Moscow na St. Petersburg, mbali na Mwasia yeyote. Watu waliokuwa wakiishi Asia kwelikweli, saa chache kwa basi kutoka Hunchun na ng'ambo ya bahari kutoka Japani, walijiona Wazungu wa Ulaya waliotumwa mbele kulinda ngome. Mababu wengi wa Primorye walifika kwa meli kutoka Odessa kuanzia miaka ya 1880, wengi wao wakulima wa Ukraine. Kila mwenyeji wa Vladivostok anayajua maneno ya Lenin ya 1922, kwamba Vladivostok ni mbali, lakini ni mji wetu. Nazdratenko hakuhitaji kusoma falsafa ya Eurasia. Alihitaji kuukumbusha umma kwamba mbali hakuondoi uwetu, kisha kuuliza kama Moscow nayo inakumbuka.

Na mambo yakawa kinyume kabisa cha vitabu. Ilikuwa wizara ya Kozyrev, iliyotajwa kuwa na macho ya magharibi tu, iliyokuwa ikitekeleza mapatano na China. Wazalendo waliolalamika kwamba Urusi inajipendekeza kwa Marekani, na wakataka igeukie mashariki, ndio waliomshangilia gavana anayegombana na upande huohuo wa mashariki. Yevgeny Primakov alipochukua wizara Januari 1996 akiwa na fikra ya kusawazisha nguvu za Marekani kwa urafiki na China na India, tatizo la Primorye lilikuwa kubwa kwake kuliko lilivyokuwa kwa Kozyrev, maana China sasa ilikuwa nguzo.

Umajimbo wa Nazdratenko basi haukuwa wa kujitenga, na hapa ndipo unapotofautiana na ule wa Tatarstan, jamhuri ya Watatar iliyo ndani ya Urusi, ambayo Februari 1994 ilitia saini mapatano yake na Moscow kama mwenye nchi anayezungumza na mwenye nchi. Rais wake, Mintimer Shaimiev, alisema sisi ni Watatar, tuna uhusiano wetu na dunia. Nazdratenko alisema sisi ni Warusi kuliko ninyi. Dai la kwanza Moscow ilijua kulijibu: unatoa asilimia fulani ya kodi, unatoa cheo fulani, mnamalizana. Dai la pili halikuwa na bei, kwa sababu Moscow ya 1995 haikuwa na maelezo yake yenyewe ya Urusi ni nini. Bendera ilikuwa mpya, wimbo wa taifa hauna maneno, nusu ya mipaka ilikuwa jana tu mistari ya utawala ndani ya nchi moja. Katika hali hiyo anayezungumza kwa sauti juu ya ardhi ya mababu huazima mamlaka ambayo katiba haikumpa.

Katiba ya Desemba 1993 iko wazi kuhusu jambo hilo. Siasa za nje, mikataba ya kimataifa na vita na amani ni vya serikali ya shirikisho, kifungu cha 71. Majimbo yana nafasi katika kifungu cha 72, na ni ya kuratibiwa tu. Lakini kuanzia 1996 magavana wote waliketi kwa vyeo vyao katika Baraza la Shirikisho, baraza ambalo lazima lijadili kila sheria ya kuridhia mkataba na kila sheria ya mpaka wa nchi. Gavana aliyefungiwa mlango wa mbele alikuwa na ufunguo wa ule wa nyuma.

Kwa nini alipigana kwa nguvu vile? Sidhani alikuwa mwongo kuhusu hisia zake. Mtu aliyezaliwa Kuril huchukua mambo ya visiwa na mipaka kwa uzito. Lakini ukiweka kando hotuba ukatazama barua alizozipeleka Moscow miaka ile, utakuta wimbo mwingine: makaa ya mawe, bei ya umeme, nauli ya reli, mishahara ya wachimbaji. Kiangazi cha 1996 wachimba makaa wa Primorye waligoma kwa kukosa mishahara na umeme ukakatwa kwa saa nyingi kwa siku. Kila alipolaumiwa kwa giza, alijibu kwamba Moscow inayotaka kuigawa ardhi ya jimbo ndiyo pia inayolinyima ruzuku. Mpaka ulimgeuza kutoka gavana aliyeshindwa kuwasha taa hadi mlinzi wa taifa. Desemba 1995 alichaguliwa kwa kura za wananchi kwa ushindi mkubwa, na tangu hapo Yeltsin hakuweza tena kumwondoa kwa sahihi ya kalamu.

Jinsi ulivyozimwa

Yeltsin mwenyewe alikuwa na uchaguzi Juni 1996 na aliwahitaji magavana kuliko walivyomhitaji. Alikwenda Beijing Aprili, akatangaza na Jiang Zemin ushirikiano wa kimkakati, kisha Shanghai wakatia saini na Kazakhstan, Kyrgyzstan na Tajikistan mkataba wa kujenga imani ya kijeshi mpakani. Kwa China alisema mapatano yatatekelezwa. Nyumbani wasaidizi wake walitafuta njia ya gavana kushuka mti bila kuvunjika mguu.

Njia ilipatikana Khasan. China ilikubali zile hekta 300 zigawanywe badala ya kuzichukua zote, Urusi ikabaki na zaidi kidogo ya nusu. Vipande vingine viwili vilikwenda China kama ilivyoandikwa. Novemba 1997 Yeltsin alirudi Beijing, na marais wawili wakatangaza kwamba uwekaji alama wa sehemu ya mashariki umekamilika. Watu wa Nazdratenko waliweza kusema wameokoa ardhi ya mashujaa, wizara ikaweza kusema mkataba umeheshimiwa. Naona hatua ya China hapa haijapewa sifa inayostahili. Beijing ilikuwa na karatasi iliyoridhiwa mkononi, na ikaachia sehemu yake ili mpaka mzima usikwame kwa kelele za jimbo moja.

Mwaka huohuo Moscow ilijaribu kumwangusha gavana kwa njia nyingine. Juni 1997 Yeltsin alihamisha sehemu ya madaraka yake kwa mwakilishi wa rais jimboni, ambaye alikuwa pia mkuu wa idara ya usalama ya huko. Magavana wenzake wakasimama naye ndani ya Baraza la Shirikisho, si kwa kumpenda, bali kwa kuona kwamba leo ni yeye, kesho ni wao. Akabaki, na Desemba 1999 akachaguliwa tena.

Kilichomwondoa hatimaye ni baridi. Majira ya baridi ya 2000 kuingia 2001 maelfu ya watu wa Primorye waliishi bila joto ndani ya nyumba zao. Vladimir Putin alikuwa amekwisha kuigawa nchi katika kanda saba za shirikisho zenye wawakilishi wake, na kuwatoa magavana hatua kwa hatua katika Baraza la Shirikisho. Februari 2001, baada ya simu kutoka kwa rais, Nazdratenko alijiuzulu, na muda si mrefu akapewa kuongoza kamati ya taifa ya uvuvi. Kwa mtu wa jimbo linaloishi kwa samaki, haikuwa adhabu ya kumliza.

Putin hakuishia kuwanyang'anya magavana viti. Aliwanyang'anya maneno. Julai 2000, akiwa Blagoveshchensk kwenye ukingo wa Amur, alionya kwamba bila juhudi za kweli, baada ya miongo michache hata Warusi wa eneo hilo watakuwa wakizungumza zaidi Kijapani, Kichina na Kikorea. Hotuba hiyo ingeweza kutolewa na Nazdratenko. Tangu siku hiyo hofu ya mashariki ilikuwa na mwenyewe, anakaa Kremlin, na yeye ndiye anayeamua lini itamkwe na lini inyamaziwe. Mwaka uliofuata alitia saini na Jiang Zemin mkataba wa ujirani mwema unaosema pande mbili hazina madai ya ardhi.

Kisha ikaja Oktoba 2004. Putin na rais wa China Hu Jintao, huko Beijing, walimaliza kiporo cha 1991. Kisiwa cha Tarabarov chote na karibu nusu ya Bolshoy Ussuriysky vilikwenda China, pamoja na sehemu ya kisiwa cha Bolshoy katika mto Argun. Jumla ilikuwa kilomita za mraba zipatazo 174. Viktor Ishaev, gavana wa Khabarovsk tangu 1991, alikuwa amekipigania kisiwa cha Bolshoy Ussuriysky kwa vitendo kwa miaka mingi: aliweka daraja la maboya la kukifikia, na mwaka 1999 likajengwa kanisa dogo la kumkumbuka shahidi Viktor, askari, ili kuwe na alama ya Kirusi iliyosimama. Kanisa lilibaki upande wa Urusi. Ishaev alionyesha kutoridhika, wakazi wa Khabarovsk wenye bustani za mboga na nyumba za mapumziko kisiwani wakanung'unika, na mambo yakaishia hapo. Desemba ya mwaka huohuo uchaguzi wa magavana ukafutwa, na gavana akawa mtu wa kupendekezwa na rais. Oktoba 2008 ardhi ikakabidhiwa rasmi.

Kwa hiyo ukubwa wa ardhi haukuamua chochote. Kilichoamua ni nani mwenye haki ya kusema kwa jina la taifa siku hiyo. Mwaka 1995 nafasi hiyo ilikuwa wazi na gavana wa pembezoni akaiingia. Mwaka 2004 ilikuwa imekaliwa. Kisa cha visiwa vya Kuril kinaelekea hukohuko: mwaka 1992 gavana wa Sakhalin, Valentin Fyodorov, alipiga kelele dhidi ya kuipa Japani visiwa, na Septemba Yeltsin akafuta ziara yake ya Tokyo. Hakufuta kwa sababu ya Fyodorov peke yake, lakini kelele zile zilisaidia kuufunga mlango.

Majimbo yenyewe hayakuwa bubu, yalihamia mambo mengine. Desemba 2008, serikali ilipopandisha ushuru wa magari yaliyotumika, Vladivostok iliingia barabarani. Jiji hilo linaishi kwa magari ya Japani yenye usukani wa kulia, yale yale yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, ingawa Urusi huendesha upande wa kulia wa barabara. Polisi wa kutuliza ghasia waliletwa kwa ndege kutoka Moscow. Mwaka 2020 Khabarovsk iliandamana kwa wiki nyingi baada ya gavana wake, Sergei Furgal, kukamatwa. Hakuna lolote kati ya hayo lililohusu mpaka. Watu walidai mkate wao na kura yao.

Tundu la hoja ya bandari

Tumerudi kwenye Tumen. Nazdratenko alisema ukiwapa Khasan umewapa bahari. Lakini kati ya Khasan na bahari kuna daraja la reli linaloiunganisha Urusi na Korea Kaskazini tangu 1959, nalo ni la chini mno kwa meli kubwa. China ingejenga bandari ya kupendeza vipi katika hekta 300, meli zake zingekwama chini ya daraja hilo. Funguo za mto ziko Moscow na Pyongyang, na hazikuwahi kuwa kwenye kile kipande cha ardhi.

Wakati Urusi inaihitaji China kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1950, mambo aliyoyaogopa gavana yanatokea kwa njia nyingine. Februari 2023 Wizara ya Maliasili ya China iliagiza kwamba ramani zake ziandike jina la zamani la Vladivostok, Haishenwai. Juni mwaka huo forodha ya China iliruhusu mkoa wa Jilin kupitishia Vladivostok mizigo yake ya ndani, bandari ya Urusi ikitumika kusafirisha bidhaa kutoka China kwenda China. Agosti ikatoka ramani rasmi ya China inayokionyesha Bolshoy Ussuriysky chote kuwa cha China. Wizara ya Mambo ya Nje ya Urusi ilijibu kwamba suala la mpaka lilikwisha kutatuliwa. Hakuna gavana aliyeongeza neno la maana juu ya hilo.

Tarehe 16 Mei 2024, miaka 33 kamili tangu mkataba wa Gorbachev na Jiang, Putin na Xi Jinping walitoa tamko Beijing lenye ahadi ya kuzungumza na Korea Kaskazini ili meli za China zipite sehemu ya mwisho ya Tumen. Mwezi uliofuata Putin alikuwa Pyongyang, na pale zikatiwa saini karatasi za kujenga daraja jipya, la barabara, juu ya mto uleule.